Mwalimu wa Kwaya Asiachwe Peke Yake

Katika milima ya Usambara hakuna upungufu wa waimbaji. Kuanzia Soni, Vuga na Bumbuli, hadi Lushoto mjini, Mlalo, Lukozi na Mtae, ni vigumu kupata kijiji kisichokuwa na kikundi cha watu wanaokutana jioni kuimba. Pana kwaya za sharika na za vigango, kwaya za akina mama, za vijana na za watoto, kwaya za shule, vikundi vya kaswida vya madrasa, na vikundi vya tarumbeta. Upungufu uliopo ni wa namna nyingine, nao haumdhihirikii mgeni apitaye: watu waliofundishwa kazi ya kuviongoza vikundi hivyo ni wachache mno, na hao wachache wameachiwa mzigo wao peke yao.

Jambo hili ladhaniwa na wengi kuwa dogo. Husema, "Mbona wanaimba vizuri? Aachwe mwalimu wao aendelee." Lakini mwenye kutazama kwa makini ataona ya kuwa kwaya hubeba mambo mengi zaidi ya nyimbo. Kwaya ndiyo inayokesha msibani, ndiyo inayomchangia mgonjwa, ndiyo inayompokea binti aliyeolewa kutoka kijiji kingine na kumpa jamaa mpya. Chombo chenye abiria wa namna hiyo kikiwa na nahodha mmoja tu, tena asiyepata kufunzwa, siku atakayoteremka yeye chombo nacho kitakwenda mrama. Kwa hiyo twaona yafaa tuulize leo: mwalimu wa kwaya afunzwe nini, afunzwe wapi, na nani amsaidie?

Waimbaji wa hiari ni watu gani

Mwimbaji wa hiari ni mtu asiyelipwa. Asubuhi alikuwa shambani akipalilia viazi na kabichi, au alikuwa akichuma chai, au alibeba kikapu cha mapeasi kuteremka nacho barabarani. Jioni afikapo mazoezini ana uchovu, na aghalabu ana baridi, kwani Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka hata mlangoni. Hakuja kwa amri wala kwa mshahara. Akichoshwa bure, au akiaibishwa mbele ya wenzake, kesho hatakuja, wala hapana sheria ya kumrudisha.

Ndiyo maana kazi ya kuwaongoza waimbaji wa hiari ni ngumu kuliko kazi ya kuwaongoza wanamuziki wa mshahara. Mwanamuziki wa mshahara hufika akiwa amekwisha kusoma sehemu yake. Kiongozi wake hufanya kazi ya kuunganisha. Mwimbaji wa hiari hufika mikono mitupu, akitegemea sikio lake. Mwalimu humwimbia soprano sehemu yake, kisha alto, kisha tena, kisha besi, kipande baada ya kipande, mpaka kila kundi limeshika. Mtu mmoja hubeba sauti nne kichwani mwake. Isitoshe, yeye huyo ndiye mtunzi wa nyimbo, ndiye katibu, ndiye msuluhishi wa ugomvi wa sare, na ndiye anayelaumiwa wimbo ukiharibika siku ya sikukuu. Wala kazi yake ya kula siyo hiyo. Kutwa nzima alikuwa mkulima kama wao, au fundi cherehani, au mwalimu wa shule ya msingi.

Uimbaji huu ulivyoingia milimani

Kuimba kwa pamoja hakukuletwa na wageni. Wasambaa walikuwa na mwanzishi na waitikiaji zamani sana kabla ya kuja kwa misheni, na ngoma kama mdumange ina utaratibu wake na viongozi wake. Kilicholetwa ni uimbaji wa sauti nne zilizoandikwa. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa misheni iliyokuja kuitwa ya Bethel walifungua kituo chao Mlalo, na baada ya miaka michache wakafika Vuga, mji wa watawala Wakilindi. Katika muongo huo huo watawa wa Trapisti walifungua misheni ya Kikatoliki Gare. Hao wote walikuja na vitabu vya nyimbo, na walimu wa kwanza wa Kiafrika katika shule zao walifundishwa kuimba kama walivyofundishwa kusoma.

Wa Bethel walileta na jambo jingine linalosikika milimani hata leo, yaani tarumbeta. Huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ndiko alikofanya kazi tangu mwaka 1893 mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeishi kutoka 1856 hadi 1941, mtu aliyevieneza vikundi vya tarumbeta vya makanisa katika Ujerumani. Kuhlo alifundisha kwamba tarumbeta yapasa iimbe kama koo la mwanadamu, na kwamba wapigaji wasome noti zile zile za waimbaji. Kwa utaratibu huo, mkulima au fundi mwenye tarumbeta aliweza kusimama karibu na kwaya na kupiga kitabu kile kile bila kuandikiwa kingine. Hili ni jambo la kukumbukwa tutakapofika kwenye habari ya mafunzo.

Kisha vikaja vita. Waingereza waliiteka Usambara mwaka 1916, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa, wasirudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 kazi yao ilikatika tena. Katika nyakati zote mbili ibada hazikukoma. Wachungaji, walimu na wazee wa Kiafrika walizishika sharika, na nyimbo zikaendelea katika vinywa vyao. Kanisa la Usambara na Digo lilipoungana na mengine 6 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, tarehe 19 Juni 1963, lilikuja na mazoea ya uimbaji yaliyokwisha kuwa ya wenyeji. Tangu wakati huo mwalimu wa kwaya amekuwa Msambaa anayewafundisha Wasambaa wenzake, naye hujifunza kwa kumtazama mwalimu aliyemtangulia.

Sikio ni hazina, lakini lina mpaka

Tusiidharau elimu ya sikio. Kwaya iliyofundishwa kwa sikio huimba bila kuinamia karatasi. Waimbaji humtazama mwalimu usoni, na mwili wote huimba. Gregory Barz, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam na kutoa kitabu juu yake mwaka 2003, alionyesha kwamba kwaya za Tanzania zimekwisha kuwa sanaa yenye desturi zake zenyewe, ambayo haiwezi kuitwa kivuli cha kwaya za Ulaya. Maneno hayo yaweza kusemwa juu ya Usambara pia.

Lakini sikio lina mpaka, na mpaka huo huonekana mahali patatu. Kwanza, wimbo ulio kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye. Vijana wa milimani wamezoea kuteremka Tanga na Dar es Salaam kutafuta biashara, na walimu wa kwaya ni vijana kama wengine. Mwalimu akiondoka, kwaya hubaki na soprano, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokumbukwa na wote. Alto na tena husahaulika katika muda wa miezi, na besi hugeuka kuwa mngurumo. Nyimbo alizozitunga mwenyewe, ambazo pengine zilikuwa bora kuliko zile za vitabuni, hupotea kabisa.

Pili, kosa hurithiwa. Mwalimu aliyeshika sehemu vibaya huifundisha vibaya, na baada ya miaka 10 kosa hilo huwa ndilo sahihi. Tatu, asiyesoma hawezi kupata wimbo mpya ila ausikie kwanza. Zamani alingoja kanda ya redio. Leo hungoja simu. Simu imesaidia sana, hatukatai. Mwalimu huweza kurekodi sehemu ya kila sauti na kuwapelekea waimbaji wake wajifunze nyumbani. Lakini simu humpa mtu wimbo wa mwingine pamoja na mtindo wa mwingine, na kwa njia hiyo kwaya ya Mtae na kwaya ya jijini huanza kufanana kama mapacha, hata vinanda vyao vya umeme vikapiga ngoma ile ile iliyotiwa na kiwanda. Waimbaji nao hupaza sauti ili washindane na vipaza sauti, mpaka koo zinakauka.

Herufi saba zinazosomeka kwa mkulima

Je, mwalimu huyu afundishwe noti za mistari mitano kama mpiga kinanda wa Ulaya? Mwenye nafasi na afundishwe. Lakini kwa wengi iko njia fupi, iliyobuniwa kwa ajili ya watu kama hao hasa. Mwanamke mmoja wa mji wa Norwich katika Uingereza, Sarah Glover, alikuwa akifundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi za do, re, mi. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen alitakiwa na walimu wa shule za Jumapili awatafutie njia rahisi ya kufundisha nyimbo. Curwen mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Aliichukua njia ya yule mama, akaitengeneza, na ikaenea duniani kwa jina la toniki solfa: herufi saba, nukta na mistari midogo ya kupimia muda, vitu ambavyo mtu aweza kuviandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi yoyote na hata kwa chaki ukutani. Pamoja na herufi hizo Curwen aliweka ishara za mkono, kila sauti na ishara yake, ili mwalimu aweze kuiongoza kwaya nzima kimya kimya.

Faida ya herufi hizo kila Mtanzania anayo mdomoni. Wimbo wetu wa taifa, ulioanza kutumika Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, una sauti iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya ya wanafunzi wake. Sontonga aliuandika wimbo wake kwa toniki solfa. Alifariki mwaka 1905, angali kijana, bila kujua kwamba mataifa yangekuja kusimama wima kwa ajili ya wimbo alioutungia watoto. Kama angeuacha kichwani tu, ungezikwa pamoja naye. Mwalimu wa kwaya, mwenye herufi saba na daftari, alitupa sauti ya taifa. Ni nani awezaye kusema kwamba katika Mlalo au Bumbuli hakuna mwingine kama yeye, ambaye nyimbo zake zinapotea kwa kukosa daftari?

Neno na sauti viende pamoja

Mafunzo ya noti peke yake hayatoshi. Mwalimu wa Usambara hushughulika na lugha mbili, na kila moja ina sheria yake. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihama, maana nayo yaweza kuhama. Barabara yenye mkazo karibu na mwisho ni njia ya magari; mkazo ukirudishwa nyuma, neno hilo humaanisha sawasawa. Nyimbo za Kijerumani na za Kiingereza aghalabu hukomesha mstari kwenye silabi yenye nguvu. Zilipotafsiriwa, ile noti yenye nguvu ya mwisho ilibaki pale pale, na chini yake ikawekwa silabi dhaifu ya Kiswahili. Ndipo waimbaji wakazoea kuimba "bwaNA" na "babA" kana kwamba ni wageni katika lugha yao wenyewe. Mwalimu aliyefundishwa hawezi kuibadili tafsiri ya kitabu, lakini aweza kuwaambia waimbaji waipunguzie noti ile uzito, na wimbo ukasikika kuwa Kiswahili.

Kishambaa kina sheria kali zaidi, maana ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukilipandisha neno linalotaka kushuka, mzee aliyeketi nyuma atasikia sauti nzuri asielewe linalosemwa. Kwa hiyo mwenye kutunga kwa Kishambaa hana budi kulisema neno kwanza, alisikilize linavyokwenda, kisha ndipo alitafutie wimbo.

Wako Watanzania waliolitambua jambo hili mapema. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akatoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Chuoni Makumira, Howard Olson alikusanya nyimbo zenye sauti za makabila ya Tanzania katika kitabu Tumshangilie Mungu, kilichotoka mwaka 1968. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Bernard Kyamanywa, mwana wa Bukoba, aliandika Mfurahini Haleluya kwa sauti ya Kihaya, na leo wimbo huo waimbwa Ulaya na Marekani. Mwalimu wa kwaya akijua mifano hiyo hataona haya kuyaleta mapigo ya mdumange katika kwaya yake. Ila ajue kwamba mapigo hayo hayafundishwi kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Hufundishwa kwa mguu na bega.

Saa ya mazoezi

Watu wengi hufikiri kwamba kumfundisha kiongozi wa kwaya ni kumfundisha kupunga mikono. Mkono una kazi yake, nayo ni ndogo: uonyeshe mahali pa kuanza, mahali pa kuvuta pumzi, na mahali pa kukoma. Kazi kubwa iko katika saa ya mazoezi, na hapo ndipo waimbaji wa hiari hupotea au hupatikana.

Mwalimu aliyefundishwa huanza na dakika 10 za mwili na pumzi, kwa sababu koo lililotoka kwenye baridi na kelele za sokoni halipaswi kutupwa mara moja kwenye noti za juu. Hutoa sauti ya kuanzia kwa kichuma chenye meno mawili kama uma, kilichobuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa London. Kichuma hicho hutoa sauti moja isiyobadilika, mitetemo 440 kwa sekunde kwa kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1939, na chatosha katika mfuko wa shati. Hakihitaji umeme wala betri. Asiye nacho hukisia, na akikisia juu mno soprano hulia, akikisia chini mno besi humezwa.

Baada ya hapo hufundisha kipande kigumu wakati akili zingali safi. Hawaachi alto na besi wakikaa kimya nusu saa huku soprano wakifundishwa. Huwapa hao wengine kazi ya kunong'ona maneno kwa mapigo yake, au kushika noti moja chini ya wimbo. Humsahihisha mwimbaji kwa kulitaja kosa bila kulitaja jina. Hujua kwamba sauti ya kijana inapobadilika wakati wa kubalehe haipaswi kulazimishwa, na humpa sehemu ndogo katikati mpaka itulie, kuliko kumfukuza akapotea moja kwa moja. Humalizia kwa wimbo unaojulikana na wote, ili kila mtu arudi nyumbani akiimba. Mambo haya yote hayahitaji kipaji cha pekee. Yahitaji kuonyeshwa mara moja, na kufanyishwa zoezi mbele ya mtu anayejua.

Mfano kutoka kwa taifa dogo

Wako wenzetu waliotangulia katika njia hii. Nchi za Estonia na Latvia, kaskazini mwa Ulaya, zilikuwa chini ya utawala wa wageni, na watu wake wengi walikuwa wakulima. Mwaka 1839 mwalimu Jānis Cimze alianzisha chuo cha walimu wa shule za vijijini, kilichohamia mji wa Valka miaka 10 baadaye. Kila aliyetoka katika chuo hicho alijua kufundisha kusoma, kupiga kinanda na kuongoza kwaya ya kijiji. Miaka 30 baada ya chuo kufunguliwa, yaani mwaka 1869, kwaya za Estonia zilikusanyika Tartu katika tamasha lao la kwanza la nyimbo, na mmoja wa viongozi wake, Aleksander Kunileid, alikuwa amesoma kwa Cimze. Latvia walifuata mwaka 1873 mjini Riga. Matamasha hayo yaliwafanya wakulima wajione kuwa taifa, na hata walipodai uhuru wao mwishoni mwa miaka ya 1980, uliorudi mwaka 1991, walikusanyika kwa maelfu wakiimba.

Somo liko wazi. Cimze hakuwatafuta watu wenye sauti nzuri kuliko wote, awapeleke mjini wakawe waimbaji mashuhuri. Alimwendea mwalimu wa kijiji, akamrudisha kijijini.

La kufanya katika Usambara

Tanzania haikosi vyuo. Ruhija, mkoani Kagera, kumefundisha wanamuziki wa makanisa kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hutoa shahada ya muziki. Bagamoyo pana taasisi ya sanaa na utamaduni iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Lakini mkulima wa Lukozi mwenye watoto wanne hawezi kuacha shamba lake miaka mitatu. Na kijana aendaye huko akafaulu, mara nyingi hupata kazi mjini. Kwa hiyo mafunzo hayana budi kupanda mlima yenyewe.

Twapendekeza, kwanza, kozi fupi za wiki mbili, mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, zikizunguka: mwaka huu Lushoto, mwakani Mlalo, mwaka wa tatu Bumbuli. Asubuhi iwe ya masomo. Jioni kila mwanafunzi asimame mbele ya kwaya ya kijiji kile, aongoze mbele ya mwalimu wake, kwani kuogelea hakufundishwi nchi kavu.

Pili, kwaya isipeleke mtu mmoja. Ipeleke wawili, mwalimu na msaidizi wake, na mmoja wao awe mwanamke. Akina mama ni wengi katika kwaya zetu, nao hawahami kwa wepesi kama vijana; kuwanyima mafunzo ni kutia maji katika pakacha.

Tatu, wapigaji tarumbeta na waimbaji wafundishwe chumba kimoja, maana kama tulivyoona hapo juu, noti zao zaweza kuwa moja.

Nne, mlango uwe wazi kwa walimu wa shule na wa madrasa. Kwaya ni sehemu ya mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na mwalimu anayetwikwa kwaya ya shule, awe Mwislamu au Mkristo, ahitaji maarifa yale yale ya pumzi, mapigo na sauti ya kuanzia. Watu wa milima hii ni wa dini mbalimbali, wanaooleana na kuzikana. Yafaa wajifunze pamoja kazi isiyo na dini, kisha kila mmoja akaitumie katika nyumba yake ya ibada.

Tano, wahitimu wapewe cheti kwa ngazi, kama alivyofanya Curwen kwa wanafunzi wake, na kila kwaya iwe na daftari la nyimbo zake kwa toniki solfa, nakala moja kwa mwalimu na nyingine katika ofisi ya usharika, kigango au shule. Vuga palikuwa na mtambo wa kupiga chapa uliotoa vitabu kwa ajili ya watu wa milimani. Siku hizi mashine ndogo ya ofisini yatosha kwa kazi hiyo.

Gharama zake si kubwa. Wahitaji chakula, malazi shuleni wakati wa likizo, karatasi, vichuma vya kutolea sauti, na nauli ya mwalimu mzungukaji atakayewatembelea wahitimu baada ya miezi mitatu awaone wanavyofanya. Makanisa, halmashauri za Lushoto na Bumbuli, na wana wa Usambara walioko Tanga na Dar es Salaam wakichangiana, mzigo utakuwa mwepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hofu ya karatasi

Wako watakaosema kwamba karatasi itaua roho ya uimbaji. Kwamba mwenye kusoma noti huimba kama mtu anayehesabu fedha. Hofu hiyo ina msingi, maana wapo viongozi waliosoma ambao wakirudi huwadharau waimbaji wao, wakawaletea nyimbo zisizowezekana na kuwakaripia kwa kutozijua. Lakini kosa hilo halitokani na noti. Latokana na mafunzo yaliyosahau kwamba waimbaji ni watu wa hiari. Ndiyo maana tumesema kozi ifanyike kijijini, mbele ya waimbaji wenyewe. Karatasi ikae pembeni kama ghala, na mdomo uendelee kuwa jiko. Hakuna apikaye ghalani, wala hakuna jiko lisilohitaji ghala wakati wa njaa.

Kwa miaka mingi tumewapigia makofi walimu hawa siku za sikukuu, kisha tukaenda zetu. Makofi hayamfundishi mtu. Yampasa kila mzee wa usharika, kila mkuu wa shule na kila diwani wa milima hii ajiulize jambo moja: kama mwalimu wetu wa kwaya akihama mwezi ujao, ni nani atakayesimama mahali pake, na nyimbo zetu zimeandikwa wapi? Asiyekuwa na jibu na amtafute msaidizi wiki hii, amnunulie daftari, na amwombe mwalimu aanze kumwonyesha kazi kabla hajaondoka.